Tanbihi ya Kumi na Saba

Jarida linataka maneno elfu nane, si zaidi.
Ninayo elfu tisa mia nne na kitu,
na umeme umekatika tangu saa tisa mchana
kuanzia Nyawera hadi juu kule Kadutu.
Mwisho wa kupokea ni saa sita ya usiku,
kwa saa za kwao. Nimehesabu kwa vidole mara mbili,
bado sijui kama nimeongezewa saa au nimeibiwa.

Kwa Birindwa kuna jenereta,
kompyuta tatu, na moja tu inayokubali herufi E.
Analipisha kwa dakika.
“Daktari, hamjamaliza tu kuandika sheria?”
Mimi si daktari. Ni asistenti, mwaka wa sita.

Nakata.
Nakata historia ya telegramu enzi za wakoloni,
nakata maprofesa wawili niliowanukuu kwa woga,
nakata kila “kama tulivyokwisha kusema”.
Hoja haifi kwa kuvuliwa koti.

Hoja yenyewe ni fupi:
Mama Nsimire anauza ndagala pale sokoni.
Alituma dola mia mbili arobaini kwa simu
kwa mtu wa Uvira aliyemwahidi magunia manne.
Magunia hayakupanda mlima.
Ujumbe ulibaki: kiasi, tarehe, nambari, jina la mpokeaji.
Akaipeleka simu kwa hakimu, kioo chake kimepasuka.
Hakimu akavaa miwani, akasoma, akairudisha:
“Mama, karatasi iko wapi?”

Kurasa ishirini na sita za Kifaransa
nimemjibu hakimu huyo.
Nimesema ujumbe ni maandishi.
Nimesema mwanga nao ni wino.
Nimeyasema kama wanavyopenda wao,
“inapendekezwa kwamba”,
kana kwamba hakuna mtu aliyekasirika.

Sasa sharti la nne: mwandishi asijulikane.
Nafuta jina langu chini ya kichwa cha makala.
Nafuta shukrani kwa Faida, aliyenishikia tochi.
Nafuta hata jina lililojificha tumboni mwa faili,
Birindwa ndiye aliyelifichua:
“Umejifunika blanketi, miguu iko nje.”

Na Mama Nsimire?
Katika tanbihi ya kumi na saba amekuwa
“muuza samaki, Bukavu, mahojiano na mwandishi”.
Asiyejulikana kahojiwa na asiyejulikana.
Lakini sentensi yake moja nimeiacha, kwa Kiswahili,
mhariri akitaka atafute mkalimani:
“Mimi pesa nilituma na kidole hiki.
Wakate basi kidole, waweke mu dosie.”
Maneno kumi na mawili.
Nilipungukiwa na nafasi, nikakata hitimisho.

Nabonyeza.
Mstari wa buluu unatambaa
kama lori kwenye miteremko ya Ngomo.
Asilimia arobaini. Jenereta linakohoa.
Birindwa anamimina chupa ya mwisho, hasemi kitu.
Asilimia tisini na moja,
tisini na moja,
tisini na moja.

“Tumepokea makala yako. Nambari 0218.
Tafadhali usijibu ujumbe huu.”

Nikashusha pumzi. Nikasema:
“Nitolee kwenye karatasi. Kopi mbili.”
Birindwa akanitazama muda mrefu,
yeye aliyenisomea kurasa zote akitafuta makosa.
Akachapa. Kisha, bila kuombwa,
akafungua droo, akapulizia muhuri wa duka lake,
akaugonga pembeni, ta!
Nikamlipa na huo.

Mvua ilinikuta njiani, kwenye ngazi za udongo.
Karatasi niliificha chini ya shati, kifuani, isilowe.
Simu ilikuwa mfukoni.
Sikuikumbuka mpaka nyumbani,
Faida aliponiuliza saa ngapi,
nikaitoa ikidondosha maji.