Wa Ndani

Saa mbili asubuhi, kabla punda wa mchanga hawajajaza kichochoro,
nafungua ripoti ya nyumba.
Kazi yangu ndiyo hiyo: kuhesabu wageni wasiobisha.
Jana, yasema kompyuta, walipita mia nne na kumi na wawili,
nami nilikuwa peke yangu hapa Mkomani
na kikombe cha tangawizi,
sikumsikia hata mmoja akisema hodi.

Hodi haihitajiki. Mlangoni kuna kidakuzi.
Aliyelitunga jina hilo sijui kama aliwahi kufika Lamu:
daka ni pale mgeni anaposubiri,
kidaka ni pale ukutani tunapoweka sahani za China,
na kidakuzi ni chembe inayokudaka bila kukugusa,
ikakutilia namba mfukoni mwako mwenyewe
ili ukirudi usijifanye mpya.

Hata hivyo hesabu hupotoka.
Simu ya Famau, mlinzi wetu, huonekana mtu mmoja;
nyuma yake wamo mke, watoto wanne na shemeji wa Faza,
wanapokezana kama kata ya mtungini.
Na mtu mmoja naye
hutoka simuni, akaingia kompyutani, akaibukia kwenye programu ya vyumba,
nasi tukamtandikia vitanda vitatu.

Basi wakatuuzia chombo cha kushona.
Kinachukua saa, mji, ukubwa wa kioo,
mwendo wa kidole juu ya picha,
kisha kinatamka: hawa watatu ni mmoja.
Uhakika, asilimia themanini na saba.

Nyanya Mwanakombo hakuwa na asilimia.
Alikaa msana wa yuu, dirisha limefungwa,
wanawake wakipita chini kwa mabuibui, wote weusi, wote sawa,
naye akipepeta mchele:
"Yuwaya Maimuna. Kiatu cha kushoto chamtoka."
"Yule Rukia, kajifukiza udi wa watu."
Hakukosea.
Wala hakuandika popote. Akimjua anayepita asikopaswa,
alipepeta kwa nguvu zaidi,
mchele ukafunika nyayo.

Leo mwenye nyumba ameandika kutoka Milano:
Swabra, huyu ni nani? Mara sitini na moja kwa mwezi.
Haangalii bei. Haangalii bwawa.
Hufungua picha ya kumi na nne, akakaa.
Mpelekee punguzo.

Nikamfumua mshono.
Simu ya kizamani, kioo kidogo. Tableti.
Hizo mbili, saa tisa na nusu za usiku.
Kisha kompyuta ya sayba pale Langoni,
Alhamisi tu, baada ya alasiri.
Na picha ya kumi na nne ni ile ya ndani,
chumba cha mwisho, zidaka safu saba,
kimoja, cha tatu kutoka chini, kimemeguka mdomo.

Namjua aliyekimegua.
Alikuwa na miaka sita, akidandia kutafuta halua.
Namjua anayeamka saa tisa na nusu
akatawadha polepole nisishtuke.
Tableti ni ya kaka yangu Shee.
Na Alhamisi huniambia anakwenda Langoni kununua uzi.

Mama, mara sitini na moja
umeingia nyumba uliyozaliwa,
na mashine imekuita mgeni anayerejea.

Sikupeleka punguzo.
Kwenye mipangilio kuna orodha asiyoisoma mtu,
ya vifaa visivyohesabiwa: cha fundi, cha mpishi, changu.
Orodha yenyewe inaitwa Wa Ndani.
Nikaandika simu, nikaandika tableti.
Ya sayba nikaiacha, ile ni ya umma.
Milano nikajibu: hitilafu ya hesabu, nimerekebisha.

Jioni aliniuliza kazi ilikuwaje.
Nikamwambia wageni wamepungua kidogo.
Akavuta uzi wa kofia hadi mwisho,
akaukata kwa meno.