Mkanda wa Pili

Misumari ya inchi nne, nusu kilo,
na kopo la rangi nyeupe: hayo ndiyo yaliyonipeleka leo
pale palipokuwa sinema.
Mwenye duka kaketi kiti cha chuma chenye namba, K 14.
Miguu ya kiti imezikwa kwenye sakafu. Hakihamishiki.

Taherali alilijenga kwa fedha za pamba na ufuta,
Malindi ikiwa na njia moja tu ya lami.
Juu, roshani ya wenye nazo; chini, mabenchi ya senti hamsini;
Jumamosi mchana, siku ya wanawake,
mabuibui yakinukia udi, watoto wakilia kwa zamu.
Skrini yetu ilikuwa ukuta.
Chengo, mwendesha mashine, aliupaka chokaa kila Shaabani,
na mastaringi wote wa Bombay
walipendana juu ya chokaa ya Chengo.

Picha zilikuja kwa basi kutoka Mombasa,
makopo mawili bapa, yamefungwa kamba ya katani.
Usiku mmoja wa masika feri ya Kilifi ikagoma.
La kwanza limefika. La pili limelala ng'ambo.
Binti yuko darajani, mama hajui,
jambazi ana barua,
taa zikawaka.

Mabenchi yakapigwa. Pesa zetu! Pesa zetu!
Taherali akajifungia kwenye kibanda cha tiketi.
Ndipo Mwanashee, muuza kashata wa mlangoni,
aliyeiona picha ile Mombasa, kwa shemejiye,
akatua sinia, akasimama mbele ya mwanga,
kivuli chake kikaujaza ukuta,
akatumalizia.
Mama alimjua mwanawe kwa kovu la kidole.
Jambazi alilia. Hakufa mtu.
Tulitoka tukifuta macho kwa leso za dada zetu.

Kesho yake kopo likafika.
Binti akafa palepale darajani, mvua ikimnyea.
Ukumbi mzima ukazomea: Uongo! Staringi hafi!
Chengo akazima mashine, eti umeme umekatika.

Halafu video. Halafu popo. Halafu mabati na saruji.
Tundu la mashine bado liko juu, mraba wa kiganja,
jua linapenya hapo na vumbi lake.

"Bibi yangu akija sana hapa," asema mwenye duka, akipima misumari.
"Kuna picha alinihadithia, ya mama na kovu la kidole.
Ndivyo ilivyokwisha kweli?"

Nikahesabu chenji yangu.
Ndivyo, nikamwambia. Nilikuwepo.