Saa Kumi na Moja Kasorobo

Ziara ya tatu. Umoja, ghorofa ya nne,
ngazi zimelowa maji ya mitungi
kwa kuwa Jumatano ndiyo siku ya mfereji.
Matanga yameanuliwa. Viti vya kukodi vimerudi kwa mwenyewe,
isipokuwa kimoja, cha bluu, kilichosahaulika kando ya friji,
na ndicho ninachopewa kila nikija.

Musembi, baba yake, ana daftari.
Ananisomea: jeneza, gari la kwenda Mwingi,
mchele, sukari, deni la mochari lililosalia,
nani alitoa, nani aliahidi akanyamaza.
Mara ya kwanza nilidhani anakwepa.
Sasa namwacha asome hadi mwisho,
maana kila mstari ni siku aliyosimama wima
asije akaanguka mbele ya watu.

Kalunde anachambua ndengu.
Kokoto huku, ndengu kule.
"Waliniambia kazi ya Mungu haina makosa.
Nikasema amina. Nimesema amina mara ngapi, mwanangu?
Mpaka meno yakaniuma."

Sina jibu.
Chuoni tulifundishwa maneno mengi;
lililonifaa ni kutoharakisha kikombe cha chai.
Basi nanywa polepole, nauliza jambo dogo:
asubuhi zenu zikoje?

Kimya.
Huko chini mnunuzi wa vyuma kuukuu anapita na kipaza sauti:
pasi mbovu, betri mbovu, simu mbovu tunanunua.

Ndipo Kyalo, wa miaka kumi na mmoja,
ambaye ziara mbili nzima hakunipa ila jina la shule yake,
akasema akitazama soksi zake:
"Simu ya Ndanu hulia."

Saa kumi na moja kasorobo, alfajiri.
Kengele aliyoitega mwenyewe
kwa ajili ya zamu ya kwanza kiwandani, mikate.
Ipo juu ya kabati, kwenye chaja, kama alivyoiacha.

"Nani huizima?"
Baba anamtazama mama. Mama anamtazama baba.
"Si wewe?"
"Mimi? Nilijua ni wewe."
"Hakuna," asema Kyalo. "Hujizima.
Hulia, hunyamaza, halafu hulia tena baada ya dakika tano.
Huwa nahesabu."

Hivyo ndivyo ilivyojulikana,
katika nyumba ya vyumba viwili na pazia moja,
kwamba siku thelathini na nane
watu watatu wameamka gizani kwa pamoja,
kila mmoja akabana pumzi, akajifanya amelala,
asiwaamshe wenzake.

Musembi akafunga daftari. Akalifungua. Akalifunga.
"Nimenunua stima," akasema,
"ya mia mbili, mara tatu wiki hii.
Nilihofu tokeni zikiisha... nayo itazimika."
Hilo halikuwa limeandikwa popote.

Na Kalunde akacheka. Nilishtuka.
"Na yeye mwenyewe alikuwa haamki!
Ililia, ikalia, mpaka nimvute blanketi.
Ndanu, mikate haijioki! Ananiambia, mama, dakika tano tu,
mama, dakika tano —"

Sinia likamtoka magotini.
Ndengu zikatawanyika sakafu nzima,
safi na zenye mawe, zote pamoja.
Nilikuwa na sentensi tayari mdomoni, nzuri pia.
Nikaimeza.
Kyalo alipiga magoti akaanza kuokota,
kisha baba yake, mtu mzima, shati la kanisani, akapiga magoti,
na mama akawa analia huku anawaelekeza:
hapo, chini ya kochi, hapo.

Sikuwaambia waizime ile simu.
Sikuwaambia waiache.
Nilipoinuka kwenda, giza lilikuwa limeingia,
na mtu alikuwa ameshapika chai nyingine.

Kalunde akanisindikiza hadi kwenye ngazi.
"Mwenye viti amepiga simu mara mbili," akasema,
"anataka kile cha bluu.
Nimemwambia asubiri.
Bado kuna mtu anakikalia."