Gurudumu la Kulia

Ukimwinua, magurudumu yote mawili yanazunguka,
yanavuma sawia kama vyerehani viwili chumba kimoja.
Ukimweka chini, akauonja uzito wake mwenyewe,
la kulia linakwenda hatua tatu, linasita,
na Komba anajigeukia, anajigeukia,
kama mtu aliyesahau alichokifuata jikoni.

Tulimwita Komba kwa ajili ya macho,
vitambuzi viwili Faki alivyovibandika kwa gundi,
kimoja juu kidogo kuliko mwenziwe.
Kesho alfajiri anapelekwa Mkoani kupanda meli,
ndani ya boksi la feni, kalazwa juu ya kanga ya mamake Salhiya.
Sasa ni saa tano za usiku, Wete, maabara ya fizikia,
na taa ya kidhibiti mota inakonyeza:
nyekundu, nyekundu, kijani, nyekundu.
Karatasi ya maelezo inasema nyekundu mbili ni joto.
Nakigusa. Baridi kama sakafu.

Vitatu tumeshavitoa kazini.
Vimo ndani ya kopo la halua, kila kimoja na utepe wake:
"kibovu", "kibovu sana", "usikiamini".
Mwandiko ni wangu.

Nilimshuku Faki na programu yake;
akanisomea mstari kwa mstari, sauti imemkauka kwa hasira.
Niliishuku betri. Niliishuku mota, nikaifungua,
nikaikuta nzima, nikapoteza skrubu.
Mwisho nikasema ni chumvi, hewa ya hapa inakula kila kitu,
na Faki akaitikia,
kwani bahari haiji kujitetea.

Salhiya hakuitikia.
"Tubadilishe," akasema. "Cha kushoto kije kulia, cha kulia kiende kushoto.
Ugonjwa ukihama, mgonjwa ni kidhibiti.
Usipohama, tumemlaza asiyeumwa."

Tukabadilisha. Komba akashushwa.
Hatua tatu. Akajigeukia kule kule.
Hakuna aliyelitazama kopo la halua.

Umeme nao ukakatika.
Kwa tochi ya simu Salhiya akaushika waya mmoja mmoja,
akauvuta polepole, kama ajaribuye jino la mtoto.
Mwekundu, umekaza.
Mweusi, umekaza.
Mweusi wa pili ukamfuata mkononi.

Kichwa chake kilibanwa juu ya plastiki.
Shaba ilikuwa ikigusa kwa ncha tu,
kama mtu anayempa mkono asiyempenda:
hewani, salamu inatosha;
chini, penye mzigo, inaachia.

"Nani kabana huu?"
Jumanne, adhana ya magharibi ikilia,
koleo la kaka, lenye kutu, na mguu mmoja uko nje ya mlango.
"Mimi," nikasema.

Faki alikuwa na haki ya maneno mengi.
Akasema, "Shika tochi."
Tukaumenya upya, tukaubana,
nikauvuta mpaka vidole vikauma. Haukutoka.
Komba akaenda moja kwa moja hadi kabati la chupa,
akaligonga, akarudi nyuma, akaligonga tena.
Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza.

Kisha nikalifungua kopo.
Vyote vitatu tulivipima kulia, kwa waya ule ule.
"Kibovu" kikazungusha mota.
"Kibovu sana" kikazungusha mota.
Nikabandua tepe zao, gundi ikabaki.

"Usikiamini" hakikuwaka.
Tukakigeuza, tukabadilisha nyaya, tukarudia mara nne.
Kimekufa kweli.
Haya kusema, lakini moyo wangu ulitulia.