Nyumba Imeoza

Umeme wa Walukuba ulipokatika, saa mbili na robo,
nikateremsha kasha la marehemu baba kutoka juu ya kabati:
karata arobaini na nane, nyumba kumi na mbili,
alizozichora mwenyewe enzi za kiwanda cha nguo,
king'ora kilipokuwa kikiamsha Jinja nzima.
Fundi Cherehani na mkewe. Karani na mkewe. Mwenye Bucha na mkewe,
na kila mke ana kikapu, kila mwana ana viatu,
kila binti kachanwa njia ya katikati.
Ndani ya kifuniko, kwa wino wa zambarau, sheria:

    Nyumba ni ya watu wanne, baba akiwa wa kwanza,
    Mama, wana, wapangane, kwa safu ya kupendeza,
    Mmoja tusimuone, nyumba hiyo imeoza,
    Karata zirudi nne, upya uanze kucheza.

Kagoya, miaka tisa, akaisoma mara mbili,
midomo ikitembea,
kisha akauliza bila kunitazama:
"Shangazi, na sisi tumeoza?"

Nikahesabu. Mimi, sijaolewa wala sina haraka.
Tenywa, kakaye kwa mama mwingine,
aliyeletwa likizo moja na begi;
likizo ikaisha, begi likabaki.
Mama yake yuko Muscat, analea watoto wa watu,
huingia humu kila Ijumaa kupitia kioo kilichopasuka,
akituonyesha paji la uso na dari.
Baba yake (ni ndugu yangu, namjua)
yuko Masindi kwenye miwa, au ameshahama.
Na Mama Acheng wa chumba cha pili, asiye damu yetu,
ndiye mwenye ufunguo wetu wa akiba.

Sikujibu. Nikaenda jikoni, nikachana katoni ya sabuni.

Tulichora hadi mshumaa ukabaki kisigino.
Tenywa alichora simu, akaivisha hereni:
"Huyu ni mama. Anahesabika hata chaji ikiwa moja."
Kagoya akachora bibi na wajukuu saba,
Nalongo na mapacha wake,
ndugu wawili wanaume na mbuzi.
Nikauliza mbuzi ana undugu gani.
Nikaambiwa: ndiye mlipa karo.
Mimi nikachora kiti kitupu.
Nikakifuta.
Nikakichora tena.

Ugomvi ulikuwa kwenye sheria.
Nyumba ikikosa idadi, utajuaje umeshinda?
Tenywa alitaka sita, Kagoya watatu.
Mama Acheng, aliyekuja kuomba kiberiti,
alisema kwao Tororo karata ni za walevi,
kisha akakaa, akachukua saba.
Tukaafikiana, kwa majaribio:
usiulize "Una mwana wa Karani?"
uliza "Nani wangu kalala kwenu?"
naye lazima aseme kweli.
Na nyumba hufungwa mwenyewe akitamka: sahani zimetosha.
Mwingine aweza kubisha.
Akibisha tufanyeje, bado hatujajua.

Mchezo wa kwanza haukupata mshindi. Wa pili Tenywa aliiba.

Asubuhi, nikifagia, nilimkuta mke wa Karani
na kikapu chake, kahamia kwa Nalongo.
Karani mwenyewe alikuwa chini ya meza, kifudifudi,
uji umemkaukia mgongoni.
Nikampangusa kwa kanga.
Nikamweka juu ya kile kiti,
kwa muda.