Barua Nyuma ya Saa

Barua ya kwanza niliiweka nyuma ya saa ya jikoni.
Ya pili niliikunja mara nne, nikaisukuma
chini ya ule mguu wa meza unaocheza.
Ya tatu ilikuja na Januari, na theluji, na bili ya gesi.
Nikalipa gesi.

Hapa bondeni kwetu, Wales, kliniki ya wanawake
hufunguliwa Jumanne tu, juu ya maktaba,
ngazi kumi na tisa za nje, na anayezipanda
huonekana na foleni nzima ya duka la mikate.
Hujafika ya kumi, mama mkwe keshajua.

Sikwenda kwa ajili yangu, niseme kweli.
Nilikuwa nafua suruali ya shule ya Eleri,
nikakuta mfukoni kijikaratasi, wino wa kijani:
*Jumanne, saa kumi. Vidonge au kipandikizi? Uliza kama inauma.*
Nikakaa juu ya kapu la nguo.
Mashine ilizunguka, nami nikazunguka nayo.
Hasira niliitafuta, sikuiona.
Nilichokiona ni lile neno, inauma,
kwa mwandiko ule ule
aliomwandikia Baba Krismasi.

"Nitakusindikiza," nikamwambia.
Akawa mwekundu hadi shingoni. Hakukataa.
Ndani ya basi kondoo walipita, machimbo yaliyofungwa yakapita,
na sisi kimya, kama mizigo ya mtu mwingine.

Nesi Tegwen alimwita yeye peke yake.
Nikabaki na mabango, na bakuli la kondomu
limewekwa mezani kama peremende za hoteli.
Mzee Gwilym wa maktaba akapanda kutengeneza hita.
Tukasalimiana kwa kutazama hita.

Eleri akatoka na mfuko wa karatasi, mabega yameshuka,
na nesi akanigeukia mimi.
"Na wewe, Meinir? Kipimo cha mwisho lini?"
Aa, nikasema, juzi juzi.
Juzi juzi: Eleri hajang'oa jino la kwanza.
Juzi juzi: dada yangu Rhianydd yu hai,
anasema kwenye simu, nitakwenda nikipata nafasi.
Nafasi hakuipata. Alipatwa.

"Nina robo saa," akasema Tegwen. "Kuna mtu hakuja."
Mtu hakuja.
Nikamjua mtu huyo. Nimemvalisha, nimempikia,
miaka kumi na mmoja hakuja.
Eleri akanyosha mkono: "Nipe koti."

Karatasi ya kitanda ilichakarika kila nilipovuta pumzi.
Kunja magoti. Yaache yaanguke.
Baridi kidogo, halafu kama mswaki
uliopotea njia ya kinywani,
halafu, "Tayari."
Tayari? Miaka yote ile, kwa ajili ya hiki?
Nikacheka, kicheko kikanigeuka njiani,
na nesi akachana kipande cha karatasi ya kitanda
nijifutie macho.

Nje, Eleri alikuwa amelikumbatia koti langu kama mtoto mchanga.
"Inauma?"
Ningeweza kumdanganya, kwa upande wowote.
"Inakera," nikasema. "Kama soksi iliyoloa."

Tukashuka. Foleni ya mikate ikageuza shingo,
na wa tatu alikuwa mama mkwe.
"Mmetoka maktaba?"
"Juu ya maktaba," nikajibu,
kwa sauti ile ile ninayoagizia mkate.
Akautazama mkoba wake kwa muda mrefu.
"Wanapokea," akauliza polepole, "hata wa umri wangu?"

Majibu yatakuja kwa posta. Sijui yatasemaje.
Usiku nimeitoa ile barua chini ya meza,
nimeikunjua, nimeisoma hadi anwani.
Meza imeanza kucheza tena.
Eleri akiegemea, chai inamwagika kidogo.
Naiacha imwagike.