Shimo la Tano

Ilikufa katikati ya zaburi.
Si gitaa, si waya, si spika ya parokia:
ni kile kijisanduku cheusi mgongoni mwa besi yangu,
priampu, kilichacharika kama sambaza wakitumbukia kwenye mafuta,
halafu kimya,
na kwaya ikaendelea bila sakafu.

Fundi Murhula ana meza pale Nyawera,
kati ya muuza kadi za simu na mama wa lengalenga.
Alifungua skrubu nne, akanusa.
Kwanza hunusa, ndipo hupima.
"Wameizika ndani ya gundi," akasema.
"Aliyeitengeneza hakutaka kujulikana.
Hii hatufufui. Tunaoa ingine."

Mimi nimeolewa mara moja tu,
na sikuchagua kwa makini namna hii.

Ya kwanza ilikuwa Kadutu, dola kumi na mbili,
imefungwa kwenye mfuko pamoja na betri iliyokufa zamani.
Vifundo vitatu: nzito, kati, nyembamba.
Ukizungusha ule wa nzito, hata nusu,
sauti inavimba kama unga uliosahauliwa usiku,
mkubwa, na katikati hewa.

Ya pili ilitoka Kampala mkononi mwa dereva.
Volti kumi na nane. Safi.
Safi mno: kila kidole changu kilisikika kikikosea.
Inataka betri mbili.
Nilipima kwa rula ya shule ya mwanangu:
shimo la mgongoni linapokea betri moja, na aibu kidogo.
"Chonga," alisema Akonkwa, mpiga solo.
Ni rahisi kwake. Gitaa si lake.
Mimi nililipa huu mti kwa miezi kumi na minne,
kwa harusi za Bagira, kwa matanga ya Panzi,
siwezi kuutia patasi kwa sababu ya betri.

Wengine wakasema: acha yote,
unganisha waya moja kwa moja, cheza kavu.
Nilijaribu Alhamisi, kwenye mazoezi.
Ilikuwa sauti ya kweli, lakini ya kunong'ona,
na ngoma za Birindwa zikaikanyaga bila hata kuomba radhi.

Nilitaka nini? Nashindwa kukieleza.
Ukubwa hapana.
Nilitaka ile sauti ambayo hujui
kama umeisikia au umeikalia.

Siku ya nane Murhula akavuta droo,
akatoa kibao chembamba, upana wa kipande cha sabuni.
Vifundo viwili. Kaswichi kadogo, kama jino la maziwa.
"Betri ikikufa, unageuza hapa.
Sauti inapita njia ya zamani.
Itakuwa ndogo, lakini itapita.
Njo vile."

Umeme ukakatika Nyawera nzima.
Feni ya muuza kadi ikazunguka kwa uvivu, ikasimama.
Hakuna aliyeguna. Lengalenga ikaendelea kuuzwa.
Murhula akasogeza jiko la jirani,
akachomeka ncha ya pasi yake ndani ya makaa,
akangoja, akagusisha lehemu: ikayeyuka.
Nikasema: nipe hiyo.

Dola ishirini na tano. Nilikuwa na kumi na nane.
Saba zimeandikwa ukutani kwake, kwa chaki,
Nsimire wa besi, ili kila mpita njia asome.

Gitaa lilikuwa na vifundo vitano, sasa vinne.
Shimo la tano nimeliziba kwa kizibo cha soda,
nikakipiga nyundo taratibu, kimejikunja upande.
Mwanangu anasema kinafanana na jicho.

Jumapili nikachomeka jeki.
Noti ya kwanza, ile ya chini kabisa, niliiacha ikae.
Vitabu vya nyimbo vikatetemeka kwenye benchi la mbele.
Watu hawakugeuka. Hakuna aliyenipongeza.
Ila kiongozi wa kwaya, bila kunitazama,
alishusha kiganja chake polepole,
mara moja, mara mbili:
punguza, punguza.

Sikupunguza.